Mkaguzi wa Spika Mwenye Sikio Moja

Alikuwa akikagua spika kwa sikio la kushoto tu, kwa sababu la kulia lilikuwa halisikii. Nalitanguliza hili kwa kuwa ndilo lililonitia shaka naye tangu siku ya kwanza, na shaka yangu juu ya mtu huyu ndiyo hasa ninayotaka kuiandika, madamu Mungu amenibakishia macho na mkono usiotetemeka.

Sisi wafanyabiashara Waswahili wa Guangzhou, nchini China, tulimwita Mkaguzi, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa Mgiriki. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake si zangu kuzisimulia. Inatosha kusema kwamba utotoni aliishi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Korogwe, kisha akarudi kwao Ugiriki, na Kiswahili hakikumtoka. Kilikuwa Kiswahili cha zamani, cha manyapara na makarani. Mimi aliniita Shehe, ingawa mimi ni maalim wa chuo cha Kurani tu. Hata lugha yake ilinitia shaka. Mzungu wa umri wangu, anaishi peke yake ghorofa ya nne mtaani Sanyuanli, hana duka wala kampuni, na anasema Kiswahili kilichonyooka kuliko vijana wetu wa Kariakoo. Nilijiuliza huyu katumwa na nani.

Mimi kazi yangu pale ni kupokea mizigo. Watu wa Dar es Salaam, Unguja na Mwanza hununua bidhaa zao, huzileta stoo kwangu, tukazikusanya katika kontena moja na kulipeleka bandarini Huangpu. Kazi ya Mkaguzi ilikuja kabla ya yangu. Anayeagiza spika huonyeshwa sampuli nzuri dukani, kisha kiwandani akapakiziwa nyingine. Kwa hiyo kabla mzigo haujafungwa, mnunuzi humpeleka mkaguzi azisikilize, moja baada ya moja. Akizikubali, mzigo unakuja kwangu. Akizikataa, kiwanda kinatengeneza upya, au mnunuzi anahamia kiwanda kingine.

Kila aliyekaa Guangzhou mwaka mmoja anajua mtego uliopo hapo. Mkaguzi huajiriwa na mnunuzi, lakini muuzaji ndiye anayemtongoza. Wapo wanaopokea cha juu ili wafumbe macho, na wapo wanaopokea cha juu ili wakatae mzigo mzuri wa huku na kumsukumia mteja kule walikolipwa. Hawa wa pili ni wabaya zaidi, maana wanaonekana waaminifu.

Nilimwona akifanya kazi mara nyingi. Aliingia kiwandani na mfuko wa kitambaa wenye simu ya zamani, waya mmoja na kipande cha chaki. Kwanza alitaka feni zizimwe. Halafu aliunganisha simu na spika, akaiachia sauti moja nzito ya gitaa la besi, sauti moja tu, ndefu, kama mtu anayeguna bila kuvuta pumzi. Aliweka kiganja nyuma ya boksi, akainamisha kichwa, akafumba macho. Spika nzima aliipita bila neno. Mbovu aliichora duara la chaki mgongoni. Akimaliza alitoka nje kuvuta sigara, na laoban, yaani bosi wa kiwanda, alimfuata akifoka. Mkaguzi hakubishana. Alisema meiyou, neno ambalo sokoni kwetu maana yake ni hakuna, akaendelea na sigara yake.

Spika ya msikiti hakuijaribu kwa gitaa. Siku ya kwanza niliyofuatana naye kwa kazi hiyo, alinisukumia kipaza sauti.

"Shehe, hebu soma kitu."

"Nisome nini?"

"Adhana."

"Adhana haisomwi kiwandani saa nne asubuhi kujaribia mashine."

"Haidhuru. Basi soma kile mlichofundishwa mkiwa wadogo."

Nikasoma alifu, be, te, kama nilivyowasomesha watoto Unguja miaka mingi. Mafundi wa Kichina wakaacha bisibisi zao wakasikiliza. Nilipofika qafu alininyooshea mkono. "Rudia hiyo." Nikarudia. "Tena." Mara ya tatu nikasikia mwenyewe: herufi ile ya kooni ilikuwa ikiliwa katikati, inatoka kama mtu mwenye mafua. Mgiriki asiyejua alifu wala be alikuwa amelisikia hilo, kwa sikio moja, kabla ya mwalimu wa herufi zenyewe. Nilimshukuru Mungu kwa kipaji alichompa. Njiani nikaanza kujiuliza ni wapi hasa alikojifunza kusikiliza visomo vyetu.

Mama Kwaya, mfanyabiashara kutoka Mwanza anayenunua vyombo vya makanisa, alifanyiwa kama mimi.

"Mama, imba pale unapolia," Mkaguzi alimwambia.

"Nani kakwambia mimi nalia?"

"Kila kwaya ina mahali pake pa kulia. Spika mbovu hufia hapo."

Mama Kwaya alicheka mpaka akashika boksi, kisha akaimba kweli, na Mkaguzi akachora duara.

Sasa nije kwenye bendi yake. Mkaguzi alituambia kwamba ujanani alipiga gitaa la besi katika bendi ya roki ambayo Ugiriki nzima iliijua. Mimi si mtu wa magitaa, na sitajifanya. Lakini stoo watu hungoja gari, na anayengoja husimulia, kwa hiyo maisha ya bendi ile niliyasikia vipande vipande miaka mingi, bila kuyatafuta.

Walikuwa vijana wa mtaa mmoja, katika mji wa bandari. Walifanya mazoezi chini ya tanuri la mkate, kwa sababu mwokaji alikuwa mjomba wa mpiga ngoma. Ndiyo maana, alisema, nyimbo zao za mwanzo zote ni za haraka: pale chini palikuwa na joto, kila mtu alitaka wimbo uishe. Wakati ule vijana wa kwao waliamini roki ni kitu cha kuimbwa kwa Kiingereza. Wao wakaimba Kigiriki, wakachekwa. Sahani yao ya kwanza ya santuri ilinunuliwa na jamaa zao. Ya pili ilipigwa redioni na mtangazaji ambaye usiku ule hakuwa na nyingine karibu, na asubuhi watu wakaanza kuuliza ile ni nini. Baada ya hapo kila kiangazi walizunguka visiwa na vijiji kwa gari bovu, wakilala juu ya vyombo vyao, hata mwaka mmoja wakajaza kiwanja cha mpira. Watu waliimba kwa nguvu, alisema, hata wao jukwaani hawakuyasikia magitaa yao. Spika kubwa ilisimama kuliani kwake miaka yote hiyo, na ndiyo iliyomla sikio.

"Halafu?" aliuliza Shomari, muuza simu wa Kariakoo, ambaye anapenda habari za watu maarufu.

"Halafu tukawa maarufu, na mtu maarufu hana cha kusimulia. Hoteli, gari, hoteli."

"Na pesa?"

"Makofi yalikuwa mengi."

Alikuwa na maneno yake. Bendi, alisema, ni ndoa ya watu watano isiyo na kadhi. Jukwaani wote ni ndugu, garini kila mtu na dirisha lake. Wimbo ukipendwa, kila mmoja anakumbuka kuwa aliutunga yeye. Maneno mazuri, lakini mimi nilikuwa nikihesabu. Safari nyingine walikuwa watano, safari nyingine wanne.

Shomari naye aliliona. "Mzee Mkaguzi, juzi mlikuwa wanne, leo watano. Kesho tutapata timu ya mpira?"

"Inategemea siku, bwana," alijibu.

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Katika kazi yetu, mtu ambaye idadi yake inabadilika hapewi mzigo.

Kisha siku moja tulikuwa Zhanxi, kwenye majengo ya viatu karibu na stesheni, nimemwomba anisaidie kuchagua viatu vya mteja kwa kuwa alijua ngozi pia. Tulikuwa tunapishana na mikokoteni nilipomwona mama mmoja wa Kizungu amesimama ghafla. Alimkamata Mkaguzi mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwita kwa jina ambalo si lile tulilolijua, na macho yake yakajaa. Mama yule alikuwa Mgiriki, mnunuzi wa viatu kama wengine. Mkaguzi alitikisa kichwa, akamjibu maneno machache kwa upole, akautoa mkono wake.

"Kanifananisha," aliniambia tulipokwenda mbele.

"Na nani?"

"Na mpiga besi wa bendi moja."

"Si ndiyo wewe?"

"Kwenu, ndiyo. Kwake, hapana."

Nililiweka moyoni. Nimeona watu wengi wanaojisifu mbele ya wasiowajua, lakini wote, wakikutana na anayewajua, hufurahi kupata shahidi. Huyu alimkimbia shahidi wake. Basi, nilijiambia, ama bendi ni uongo, ama iko kweli na yeye aliifanyia jambo.

Nisimnyime yaliyokuwa mema. Mwezi wa Ramadhani hakuvuta sigara mbele yetu, na magharibi alileta tende, akaziweka juu ya meza yangu, akaondoka bila kungoja shukrani. Pasaka yao ya Kiorthodoksi alimpelekea Mama Kwaya mayai ya kuchemsha yaliyopakwa rangi nyekundu.

"Mkaguzi, Pasaka imeshapita wiki iliyopita," Mama Kwaya alimwambia.

"Yenu."

Alikuwa akibishana bei ya bakuli la tambi mpaka mpishi amfukuze, na jioni hiyo hiyo angemtengenezea mtu vipokea sauti vya masikioni bila kuchukua kitu. Alikunywa pombe, nami nilimwambia waziwazi kwamba sipendi. Alinisikiliza kwa adabu, akaagiza nyingine. Kazi yake ya bure ilinisumbua kuliko pombe yake. Nilizoea kuamini kwamba cha bure kina bei ambayo bado hujaonyeshwa.

Nafika sasa kwenye jambo lenyewe.

Misikiti mitatu ya kwetu, miwili Pemba na mmoja Unguja, ilichanga ipate spika mpya kabla ya Ramadhani, na amana ile ikaletwa kwangu. Kwa mara ya kwanza sikuwa mpokeaji wa mzigo, nilikuwa mnunuzi. Niliagiza spika thelathini kwa laoban mmoja niliyemfahamu miaka kumi, mtu aliyenitembelea nilipolazwa hospitali. Nikamwomba Mkaguzi akazisikilize.

Siku mbili kabla ya ukaguzi nilipita uchochoro wa pili, penye duka la mwanamke mmoja naye anayetengeneza spika. Mkaguzi alikuwa ndani, ameketi, anakunywa chai. Yule mama akatoa mfuko mdogo mwekundu, akampa kwa mikono miwili. Mkaguzi akautia katika mfuko wake wa kitambaa bila kuufungua. Mimi nikapita kama sijaona.

Siku ya ukaguzi alizisikiliza thelathini zote. Ilichukua asubuhi nzima. Zote thelathini akazichora duara.

"Zote?" nikamuuliza.

"Zote, Shehe. Leo zinasema vizuri. Gundi ya ndani ni ya bei rahisi. Zikikaa kwenye joto la pwani miezi miwili, zitanyamaza."

"Sasa unanishauri nini?"

"Nenda kwa yule mama wa uchochoro wa pili."

Moyo wangu ulitulia, nasikitika kusema, kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Laoban wangu alisimama mlangoni, hafoki, ananitazama tu. Niliomba kitambaa, nikakilowesha, nikafuta chaki kwa mkono wangu, spika moja baada ya nyingine, thelathini. Mkaguzi alikuwa nje anavuta sigara. Alinitazama kupitia mlangoni, akakunja waya wake, akaondoka. Spika zikaja stoo, zikaenda Huangpu.

Ijumaa, baada ya sala, tulikuwa tunakula pamoja kwenye mkahawa tunaokula siku zote. Habari ya kitambaa ilikuwa imeshatembea. Mtu mmoja akaniuliza, "Maalim, tunasikia umemkatalia Mkaguzi. Kuna nini?"

Ningeweza kusema sijui. Nilisema, "Yule anakula kwetu, anakula na kwao."

Maneno sita. Sikuyaongeza wala kuyarudia. Lakini nimesomesha dini miaka mingi, watu hupima maneno yangu kwa mizani nyingine. Mtu mwingine angesema hivyo, wangesema ni masengenyo. Niliposema mimi, ikawa ni habari.

Haukupita mwezi, hakuna Mswahili aliyemwita tena Mkaguzi kiwandani. Mama Kwaya peke yake ndiye aliyenijia stoo, akaketi juu ya bunda la mashuka.

"Maalim wangu, umeona kwa macho?"

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Mfuko."

"Na ndani ya mfuko?"

Nikageuza ukurasa wa daftari la mizigo.

"Basi umeona mfuko," alisema, akainuka. Hata hivyo yeye pia hakuweza kumtumia tena, kwa kuwa wazee wa makanisa waliomtuma walikuwa wameshasikia.

Mkaguzi hakuja kwangu kulalamika. Tulikutana kwenye ngazi za sokoni, tukakutana kwenye treni ya chini ya ardhi, kila mara alisema, "Habari ya asubuhi, Shehe," kwa sauti ile ile. Nikaufanya upole wake kuwa ushahidi. Asiye na hatia, nilijiambia, angekuja kupiga meza yangu. Alihamia chumba kidogo zaidi, na mchana alikaa kwenye kibanda cha fundi simu akitengeneza vipokea sauti. Nilipita upande wa pili wa njia.

Ramadhani ikaingia. Usiku wa sita nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa imamu wa Pemba.

"Maalim, hizi spika zako zimeingiwa na kikohozi. Jana kwenye tarawehe watoto wamecheka mpaka nimekata kisomo."

Siku tatu baadaye msikiti wa pili. Kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani zote zilikuwa zimekufa, na watu walirudi kusoma kwa koo zao, wakiniombea dua mimi niliyezileta. Dua ile ilinichoma kuliko lawama.

Tumefundishwa toka chuoni kwamba haki ya Mungu husamehewa na Mungu, na haki ya mja haisamehewi mpaka mja mwenyewe aseme nimesamehe. Nimewafundisha hilo watoto wasio na idadi. Nilijua njia ya kwenda chumbani kwake, ni dakika nne kwa mguu. Nikasema baada ya Idi. Idi ikapita, nikasema baada ya kontena hili. Nafsi ikinyimwa njia hutoboa ukuta: nilifika mahali pa kudhani kwamba labda ni yeye aliyeziharibu spika zile asubuhi ile, kwa kuzishikashika nyuma, ili maneno yake yatimie. Nalisema hili ili msomaji ajue dhana inaweza kumfikisha wapi mtu anayesali safu ya mbele.

Miezi ikaenda. Ndipo Shomari alipokuja stoo Jumatano moja, anakimbia, simu mkononi.

"Maalim, bendi ni ya kweli. Mkaguzi anaondoka Jumamosi."

Alinionyesha tangazo. Bendi ilikuwa inakusanyika tena, baada ya miaka mingi, kupiga mara moja tu katika kiwanja kile kile. Palikuwa na picha za watu watano. Wanne walikuwa wazee, wamepigwa picha karibuni, na wa pili kutoka kushoto alikuwa Mkaguzi wetu, amevaa shati alilonunua Sanyuanli. Wa tano alikuwa kijana, picha nyeusi na nyeupe, na chini ya jina lake pana msalaba mdogo. Shomari alikuwa ameshatafsiri maneno kwa simu. "Huyu ndiye mpiga ngoma. Alikufa zamani sana, ajali ya gari."

Wanne, watano. Nikaketi.

Alhamisi, baada ya Alasiri, nikapanda ngazi za jengo lake. Chumba kilikuwa na kitanda, masanduku mawili yaliyofungwa, na jiko la umeme. Alinivutia kiti, akaanza kuchemsha kahawa kwenye kikopo cha mpini mrefu. Sikungoja ichemke.

"Nimekuja kukuomba unisamehe."

"Kwa lipi, Shehe?"

"Nilisema mbele za watu kwamba unakula kwetu na unakula kwao. Watu wakakuacha."

Alitazama kahawa isipande. "Lakini nilikula."

"Ulikula?"

"Yule mama alinipa. Laoban wako naye alinipa, mwanzo mwanzo. Wote walinipa. Nilipokea, nikasikiliza, nikachora chaki palipo na ubovu. Kwa hiyo hukusema uongo. Kunywa."

Nilihisi mzigo ukinishuka mabegani, na nikaona haya jinsi ulivyoshuka kwa haraka. Nikanywa. Kahawa ilikuwa tamu mno. Kisha ile tabia yangu ya zamani ikaamka.

"Ule mfuko mwekundu ulikuwa na kiasi gani?"

"Mfuko upi?"

"Aliokupa yule mama dukani kwake, siku mbili kabla hujazikagua spika zangu."

Alikizungusha kikopo cha kahawa, muda wa mtu kutafuta kitu mfukoni. "Ndiyo. Huo huo," alisema. "Kiasi cha kutosha."

Nikaweka kikombe chini. "Na kwenye bendi ulitokaje? Maana tangazo linasema walipiga miaka sita bila wewe."

"Shomari na simu yake," alisema, akatabasamu. "Mwimbaji na mpiga gitaa ni ndugu, mama mmoja. Ikajulikana kuna mmoja wetu amekwenda kwa siri kwa kampuni ya sahani, kutuuza. Ndugu huyu akamdhania huyu. Walitaka kupigana kisu, na mama yao yuko jikoni anatupikia. Nikasema ni mimi."

"Na ilikuwa wewe?"

"Waliendelea miaka sita, Shehe. Nyimbo zao nzuri zaidi ni za miaka ile."

"Nakuuliza, ilikuwa wewe?"

"Kahawa yako inapoa."

"Ndiyo maana ulimkana yule mama wa Zhanxi."

"Wanaonikumbuka kule, nusu wananikumbuka kwa nyimbo na nusu kwa jambo lile. Mtu akinishika mkono sijui ni wa nusu ipi. Sasa ndugu wamezeeka, mama yao amekufa, wameniandikia wenyewe. Sikuwauliza wamejua nini."

Nikamwambia kwamba vyovyote ilivyokuwa, nataka neno lenyewe. Akasema hakuna cha kusamehe. Nikasema sitoki. Akatikisa kichwa.

"Nimekusamehe, Shehe. Unang'ang'ania kama karani wa kodi." Alinisindikiza mpaka ngazini. Hapo akaniambia, kwa sauti ya chini, "Kesho ni Ijumaa. Wakikuuliza, waambie Mkaguzi amekiri. Mimi nakwenda zangu, wewe unabaki nao."

Nilishuka polepole kwa ajili ya magoti. Duka la yule mama wa uchochoro wa pili lilikuwa wazi, naye alisimama mlangoni, akanipungia mkono. Ningeweza kumuuliza ndani ya mfuko mlikuwa na nini. Sikumuuliza. Miaka yote nilimdhania mtu yule mabaya nisiyoyaona, na sasa nilikuwa namdhania jambo moja jema nisiloliona: kwamba alijichafua mbele yangu ili mimi nitoke chumbani mwake safi. Sina ushahidi wa hili pia. Lakini dhana zote mbili zikiwa hazina ushahidi, nilijua ni ipi itakayonilaza usingizi kaburini.

Ijumaa tulikula pale pale. Mama Kwaya naye alikuja, maana Ijumaa hula nasi. Shomari ndiye aliyeanza.

"Maalim, tumesikia jana ulikuwa kwa Mkaguzi. Vipi, amekiri?"

Jibu nilikuwa nalo, nimepewa na mwenyewe, na lingekuwa kweli neno kwa neno. Lingemwacha kila mtu mahali pake: mimi mkweli, yeye mwizi, na ndege yake kesho asubuhi.

"Mimi ndiye niliyekwenda kukiri," nikasema. "Spika alizozikataa zimekufa zote, kama alivyosema, na kwa sababu aliyosema. Nililolisema hapa juu yake sikuliona. Nililidhani. Kila mmoja wenu aliyemwacha kwa ajili yangu, deni hilo nalibeba mimi, si yeye."

Mama Kwaya alinisogezea bakuli la mchuzi, tendo ambalo hakulifanya tangu siku ile ya stoo.

"Kwa hiyo hakula?" Shomari akauliza.

"Shomari, nimekwambia mimi nilichokosea. Usiniulize tena mimi habari za mtu yule. Nimeshindwa mara moja."

Shomari aliichezea simu yake juu ya meza. "Ndege ni asubuhi, eti?"

"Asubuhi."

"Nina mzigo wa spika ndogo pale kiwandani. Boksi arobaini. Zinafungwa Jumatatu, hakuna aliyezisikiliza." Akaangalia saa. "Bado ana nusu siku."

Akatoka, akasimama mlangoni mwa mkahawa, kidole kimoja sikioni kwa ajili ya kelele za njia. "Shikamoo, Mzee Mkaguzi," tulimsikia akisema. "Una nafasi leo?"

Jibu hatukulisikia. Shomari alirudi, hakuketi. Aliacha sahani yake nusu, akachukua funguo zake juu ya meza, akamwomba mwenye mkahawa kipande cha chaki anachoandikia bei ubaoni, akaondoka nacho.